Udongo Uliokanyagwa Mara Mbili

Thelma Bloor hakuwa mtu wa kurudia maneno. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mabega mapana, na sauti iliyoweza kumwita ng'ombe kutoka ng'ambo ya malisho mawili. Tangu mumewe Cyril afariki, aliliendesha shamba la Marlpit peke yake, na watu wa Barrowmoss, kijiji kidogo cha Staffordshire kando ya mfereji wa mashua, walimheshimu na kumwogopa kidogo. Aliposema ua wa jirani umeingia kwake hatua mbili, jirani aliuhamisha bila ubishi, kwa sababu kila mtu alijua Thelma hawezi kudai hatua ya tatu.

Mwaka ule ugonjwa wa midomo na kwato ulipoikumba nchi, wanaume waliovaa mavazi meupe walikuja Marlpit asubuhi moja na kabla ya chai ya jioni walikuwa wamewapiga risasi ng'ombe wake wote mia na arobaini. Waliwachoma kwenye malisho ya chini, yale yaliyopakana na mfereji. Baadaye alinunua wengine thelathini na mmoja, lakini malisho yale hakuwapeleka tena. Nyasi zilikua zikamfika kiunoni, naye akipita hapo aligeuza uso.

Ila mfereji haukuacha kupita. Mashua ndefu nyembamba, zile ambazo mtu akisimama katikati na kunyoosha mikono hugusa kuta zote mbili, zilipita mbele ya malisho yale kutwa kucha kwa mwendo wa mtu anayetembea. Wenyewe walimpungia mkono Thelma na kumuuliza swali lile lile: wapi panapatikana mahali salama pa kuegesha mashua wakati wa baridi? Thelma aliwajibu kwamba hapajui. Mwaka wa tatu alichoka kujibu hivyo. Alichukua kamba na vigingi, akayapima malisho ya chini yote, na siku ya pili akaenda mjini kuomba kibali cha kuchimba bandari ya mashua sitini.

Kuna watu ambao ardhi ikishawaumiza huiuza au huiacha ioze. Thelma aliona hilo ni kukimbia kazi. Babu yake na baba yake walikuwa wamezikwa yadi mia mbili kutoka pale, na hakutaka kwenda kulala karibu nao siku yake ikifika huku shamba likiwa mikononi mwa wageni. Bandari ikifaulu, Marlpit ingebaki. Isipofaulu, hapakuwa na mpango mwingine.

Tatizo lilikuwa mteremko. Mfereji ulipita ubavuni mwa kilima, na malisho yalikuwa sawa nao kwa kimo. Lakini upande wa kusini ardhi ilishuka ghafla, na huko chini ndiko kulikuwa na Njia ya Bondeni yenye nyumba nne za matofali zilizobanana. Maji yote ya bandari yangekaa juu ya vichwa vya watu wa nyumba hizo na paka wao. Tena upande huo huo ardhi ilikuwa ya mchanga. Kitu pekee ambacho kingeyazuia maji yasiteremke ni udongo wa mfinyanzi uliolowekwa, ukakandwa na kushindiliwa tabaka juu ya tabaka mpaka ukawa mzito kama jibini, unene wa futi tatu. Mifereji yote ya nchi ile imejengwa kwa udongo wa namna hiyo, na mingine imeshika maji kwa miaka mia mbili na zaidi.

Katika nyumba ya kwanza ya Njia ya Bondeni aliishi Ivy Machin, mjane wa miaka sabini na moja. Huyu alifanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha vyungu huko Burslem, akibandika mikono ya vikombe, na vidole vyake viliujua udongo kuliko wahandisi wa wilaya nzima. Mkutano wa kijiji ulipoitishwa kujadili bandari, yeye ndiye aliyesimama kwanza.

"Thelma, nakuuliza mbele za watu. Hayo maji yako yatakuwa juu ya dirisha langu la chumbani, sivyo?"

"Ndiyo, Bi Ivy. Futi tisa juu yake."

Ukumbi ulinong'ona. Ivy alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa alichotarajia.

"Haya, angalau husemi uongo. Na yakivuja?"

"Hayatavuja. Nakupa neno langu."

"Neno lako nitaliweka wapi nikiwa naelea juu ya godoro?"

Watu waliangua kicheko, hata mwenyekiti akajifunika mdomo kwa karatasi zake. Thelma hakucheka. Alingoja kelele zitulie.

"Liweke pale ulipoliweka neno la kila Bloor aliyekuahidi kabla yangu," alisema. "Umeshawahi kulitupa hata moja?"

Ivy akaketi na kuinua mkono kupiga kura ya ndiyo, na nyumba nyingine tatu zikamfuata.

Kazi ilianza Aprili. Msimamizi wa mitambo alikuwa Dougie Hulse, mwanamume mnene wa miaka arobaini mwenye utani usiokauka, aliyeweza kuendesha katapila kwa wepesi wa mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Walichimba shimo la ekari saba, wakaukuta udongo mwekundu mzuri upande wa kaskazini, wakauhamishia kusini. Waliumwagia maji, wakaukanda, wakaushindilia. Siku moja moja Thelma alishuka na gambuti zake na kuukanyaga mwenyewe, apate kuujua. Kufikia wiki ya mwisho ya Agosti, ukuta wa kusini ulikuwa umekamilika. Alhamisi alikuja mkaguzi wa mamlaka ya mfereji, Bwana Ravenscroft, mtu mrefu mkavu asiyekunywa chai ya mtu. Aliupima udongo sehemu kumi na mbili, akatia sahihi kuwa unafaa, akaondoka. Kilichobaki ni kuufunika kwa udongo wa kawaida ili usikauke, na kazi hiyo ilipangwa kufanywa baada ya mapumziko, maana Jumatatu iliyofuata ilikuwa ile sikukuu ya mwisho wa Agosti.

Ijumaa jioni Dougie alimfuata Thelma mlangoni pa zizi.

"Bi Thelma, tuufunike ule udongo kwa magunia yaliyolowa? Tunahitaji mtu wa kuyanyweshea kila siku, na vijana wangu wote wana safari."

Thelma alitazama juu. Mawingu ya kijivu yalikuwa yamejaa mpaka upeo.

"Dougie, wewe umeshawahi kuiona Jumatatu hii bila mvua?"

"Mimi? Dada yangu aliolewa siku hiyo. Tulimtoa hemani tumembeba mgongoni, keki ikaelea. Sijawahi, wala baba yangu hajawahi."

"Basi Mungu ataunywesha bila malipo. Nendeni mkapumzike."

Hapo ndipo Thelma Bloor alipokosea. Katika nchi ile hakuna mtu ambaye angemlaumu, kwa maana kila mmoja kijijini alikuwa ameingiza viti ndani na kutafuta mwavuli wake. Yeye mwenyewe alikwenda Shropshire kwa dada yake, mapumziko yake ya kwanza baada ya miaka sita, akimwachia jirani ng'ombe. Jumamosi asubuhi mawingu yalifunguka kama pazia. Jua liliwaka Jumamosi, likawaka Jumapili, likawaka Jumatatu, na upepo mkavu wa mashariki ukasaidiana nalo. Watu waliungua mabega. Redio zilisema halijaonekana jambo kama hilo kwa muda mrefu. Kumtegemea Mungu alete mvua ilhali magunia yapo ghalani na bomba la maji linafanya kazi, hiyo si imani. Ni uvivu uliovaa nguo za ibada, na Thelma alilijua hilo kabla gari lake halijaingia uani Jumatatu alasiri.

Alishuka moja kwa moja hadi ukuta wa kusini. Sehemu kubwa ilikuwa imekauka juu juu tu. Lakini pembe ya kusini-mashariki, ile iliyotazama nyumba ya Ivy, ilikuwa imegeuka rangi ikawa kama biskuti, na ufa ulikuwa umeandika mistari kila upande. Aliingiza kidole katika mmojawapo. Kilizama chote.

Dougie alifika Jumanne alfajiri, akaona alichokiona Thelma. Alivua kofia.

"Lo."

"Futi ngapi kwenda ndani, unadhani?"

"Mbili? Labda mbili na nusu." Alijikuna shingo, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Sikiliza, Bi Thelma. Mkaguzi ameshatia sahihi. Nikianza kufunika sasa hivi, kufikia saa sita mchana hakuna jicho litakaloona kitu. Udongo ukipata maji utavimba na kujifunga wenyewe."

"Utajifunga?"

"Huenda."

"Na tukiubomoa?"

"Itabidi mkaguzi aje upya. Na mwezi Novemba ndio mfereji unapokaushwa kwa matengenezo. Tusipokuwa tayari tarehe sita, hatukati ukingo wa mfereji kuiunganisha bandari mwaka huu. Mwaka mwingine mzima shimo kavu." Aliivaa kofia tena. "Niendelee kufunika?"

Thelma alizitazama gambuti zake.

"Mimi nakwenda kukamua," alisema, akaondoka.

Hakusema ndiyo. Wengi hujitetea hivyo, kwamba hawakutamka neno. Lakini Dougie alimwelewa vizuri, na kufikia saa sita mchana pembe ya kusini-mashariki ilikuwa imefunikwa, imesawazishwa, na nzuri kuitazama.

Siku nne Thelma alifanya kazi kama kawaida. Alikamua, alifua, alijibu simu. Wenye mashua walimpungia mikono, naye akawapungia. Ila alianza kupita njia ya juu badala ya Njia ya Bondeni anapokwenda dukani, ingawa ile ya juu ilikuwa ndefu mara mbili. Siku ya tatu aligundua anachofanya, akasimama katikati ya barabara na fedheha ikampanda mpaka masikioni. Hata hivyo hakurudi.

Jumamosi asubuhi Ivy Machin alikuja mwenyewe, akipanda mteremko polepole na sahani iliyofunikwa kitambaa. Zilikuwa chapati za oti za kwao, moto, zimekunjwa na jibini na nyama ya nguruwe ya kukaanga.

"Sijakuona wiki nzima. Nikasema huyu kajifia ndani ya shimo lake."

"Kazi, Bi Ivy."

"Kula, zitapoa." Ivy aliketi mezani na kuvua miwani aifute. "Nimempigia simu mwanangu Kanada. Miezi yote hii ananiambia hama, mama, hama, maji yatakugharikisha. Jana nimemwambia aache. Nimemwambia, udongo wenyewe umo mikononi mwa Thelma Bloor, na mimi ninalala kama mtoto. Basi akanyamaza. Yeye anawajua nyinyi."

Thelma alikuwa ameshainua chapati. Aliirudisha sahanini.

"Bi Ivy. Ile pembe iliyo juu ya nyumba yako ina ufa."

"Ufa gani?"

"Wa jua. Sikuuwekea magunia. Nikaona, na nikaacha ufunikwe. Mkaguzi hajui."

Ivy alivaa miwani yake, taratibu, sikio moja kisha jingine. Halafu akanyoosha mkono, akaivuta sahani mpaka upande wake wa meza.

"Hizi si zako tena," alisema. "Mpaka uchimbue."

Alizifunika, akasimama, akaondoka nazo. Thelma alisikia mlango ukifungwa. Alikwenda kwenye simu wakati huo huo, mikono yake bado inanuka jibini.

Ravenscroft alifika Jumatatu. Dougie alikuwa ameitwa, na akasimama nyuma ya katapila lake kama mtu anayetamani limfiche. Mkaguzi alichimba mwenyewe kwa sepeto, akafikia udongo, akaona mistari ya ufa, akafuta mikono kwa leso.

"Bibi Bloor, ningeweza nisijue kabisa."

"Najua."

"Sahihi yangu ilikuwa halali. Kwa nini umenipigia?"

"Kwa sababu wewe hulali Njia ya Bondeni."

Ravenscroft akatoa faili lake, akapiga mstari juu ya sahihi yake ya Alhamisi ile na kuandika tarehe pembeni.

"Nitarudi tarehe thelathini Septemba, saa tatu asubuhi. Sitarudi siku nyingine. Ukiwa tayari, utakata ukingo Novemba. Usipokuwa tayari, nafasi hiyo nitampa mwingine."

Alipoondoka, Dougie alitoka nyuma ya katapila.

"Bi Thelma, nisamehe. Mimi ndiye niliyekutia maneno."

"Usinigawanyie mzigo wangu. Kosa la magunia ni langu. La kufunika nalo ni langu, wewe uliuliza na mimi nikanyamaza. Una siku ngapi?"

"Mbili. Alhamisi mitambo yote inakwenda barabara ya mjini, mkataba ulishatiwa sahihi."

"Basi bomoa. Ya kukanda tutayaona."

Dougie alichapa kazi siku mbili bila utani hata mmoja. Aliukwangua udongo wote ulioharibika, akakata ngazi katika ule uliobaki mzima ili mpya uushike, akachota udongo mwekundu safi kutoka kaskazini na kuulundika. Alhamisi mitambo ikapandishwa kwenye malori. Likabaki rundo la udongo lenye ukubwa wa kanisa la Barrowmoss, na mwanamke mmoja mwenye gambuti.

Thelma alisimama mbele yake kwa dakika chache. Kisha akapanda zizini. Babu yake aliwahi kumsimulia kwamba wachimba mifereji wa zamani, walipokosa watu, waliswaga ng'ombe wa wenyeji juu ya udongo. Alifungua lango, akawatoa ng'ombe wake wote thelathini na mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya risasi akawateremsha kwenye malisho ya chini.

Hawakutaka. Ng'ombe ni mnyama anayeheshimu miguu yake. Yule wa mbele, Gertrude, alisimama ukingoni mwa matope akayanusa, akamgeukia Thelma kwa macho ya mtu aliyetukanwa.

"Ingia, we mwana wa malkia!" Thelma alimpiga kofi la kiuno. "Mimi nimeshaingia, wewe unajiona nani?"

Gertrude aliingia hatua moja, akazama mpaka magotini, akapiga kelele, na wengine wakamfuata wakimsukuma. Baada ya robo saa walikuwa wakizunguka kama wanaozunguka sokoni, kwato zikipanda na kushuka kwa mlio wa kunyonya, Thelma nyuma yao na bomba la maji. Udongo ulianza kung'aa.

Siku ya pili, Ivy Machin alipanda mteremko akiwa na kreti ya maziwa. Aliigeuza chini juu, akaketi juu yake ukingoni, akanyoosha kiganja bila salamu.

"Nipe."

Thelma alimpa bonge. Ivy alilisokota kati ya viganja likawa kama soseji ndefu toka kiwiko hadi vidoleni, akalishika ncha moja na kulining'iniza. Lilikatika katikati.

"Biskuti," alisema, akalitupa. "Kanda tena."

Mchana wa siku hiyo hiyo wakaja wengine wa Njia ya Bondeni: mzee Colclough wa nyumba ya pili na mkewe, na mwalimu mstaafu wa nyumba ya nne. Hawakusema mengi. Walivaa gambuti, wakaingia. Ijumaa jioni lori dogo lilisimama, Dougie akashuka na vijana wake wanne, wametoka kazini barabarani, bado wana lami mikononi.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Nimekuja kupunguza kitambi."

"Basi utakaa mwezi," Ivy alimjibu kutoka kwenye kreti yake.

Kila tabaka liliwekwa unene wa shubiri, likaloweshwa, ng'ombe wakapita, kisha watu wakafuata kwa visigino pale kwato zisipofika. Kila tabaka Ivy alilisokota. Tabaka la tatu alilikataa mara mbili, na Dougie aliyekuwa amelikanyaga kutwa nzima akataka kulia.

"Bi Ivy, huo ni udongo au ni unga wa harusi?"

"Kwani wewe ndiye utakayelala chini yake?"

Dougie alirudi akakanyaga. Magunia safari hii yalilazwa kila jioni na kuloweshwa kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Thelma aliyanyweshea kwa mkono wake mwenyewe, na kazi hiyo hakumwachia mtu mwingine yeyote.

Tarehe ishirini na nane, Ivy alisokota bonge la tabaka la mwisho. Lilining'inia. Alilitikisa. Likaning'inia. Alilizungusha hewani kama mtoto anayechezea kamba, kisha akamwekea Thelma mkononi.

"Huu," alisema, "ningeutengenezea kikombe."

Ravenscroft alikuja saa tatu kamili. Alichimba vishimo sita katika pembe ile, akavijaza maji, akavifunika kwa vigae, na kesho yake akarudi kuvipima kwa rula. Maji yalikuwa pale pale alipoyaacha. Alitia sahihi. Akafunga faili, akasita, kisha akauliza kama kuna chai.

Walianza kuijaza bandari kwa pampu kutoka kijito kilichokuwa karibu, na ikawachukua wiki mbili. Maji yalipofika kimo chake, Ravenscroft alisimamisha kijiti chenye alama na kuagiza kisimame siku saba. Siku ya tatu Thelma alikwenda kukisoma asubuhi. Maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole. Alikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mpaka kwenye simu.

Mkaguzi alipofika hakukitazama kijiti kwanza. Alikwenda kwenye ndoo aliyokuwa ameizamisha nusu pembeni, imejaa maji na kufungwa isipinduke.

"Njoo usome hii, Bibi Bloor."

Thelma aliinama. Maji ya ndoo nayo yalikuwa yameshuka upana wa kidole.

"Ndoo haina ufa," alisema Ravenscroft. "Huo ni upepo unaoyakausha maji. Ungekuwa ni udongo wako unaovuja, maji kwenye kijiti yangeshuka na ya ndooni yangebaki. Yote yameshuka sawa."

Thelma alikaa chini juu ya nyasi. Mkaguzi, ambaye hakuwa mtu wa mizaha, alikaa naye.

Siku ya saba kijiti na ndoo vilikuwa bado sawa. Novemba mfereji ulikaushwa, ukingo ukakatwa, mlango wa mawe ukajengwa na mbao nene za mwaloni zikapangwa ndani yake kuzuia maji. Mfereji ulipojazwa tena na mbao kuvutwa moja moja, maji ya pande mbili yalikutana bila kelele, yakatetemeka kidogo, yakatulia.

Ufunguzi uliwekwa Jumamosi ya Pasaka. Mashua zilianza kujipanga toka alfajiri, foleni ndefu hadi darajani, nyekundu, kijani na bluu, mabomba yao ya moshi yakinuka makaa. Bendi ya shaba ya wachimba migodi ilikuja na tarumbeta zake. Mwenyekiti wa halmashauri alikuja na mkufu wa cheo kifuani na hotuba mfukoni. Ng'ombe walitazama kutoka nyuma ya ua. Saa tano ilipofika kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa Thelma Bloor hakuonekana.

Dougie alitumwa kumtafuta. Alimtafuta nyumbani, zizini, chooni. Hatimaye aliteremka Njia ya Bondeni akakuta mlango wa Ivy uko wazi na Ivy mwenyewe amesimama juu ya ngazi za chumba cha chini ya nyumba, amevaa kofia yake ya kanisani, mikono kiunoni.

"Mwambie huyu atoke," Ivy alisema. "Mimi ameshanichosha."

Chini, katika kile chumba cha makaa na chupa za siki, Thelma alikuwa amepiga magoti ndani ya gauni lake jipya la bluu. Kiganja chake kilikuwa juu ya ukuta wa nyuma, ukuta uliogusa kilima. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na ekari saba za maji.

"Bi Thelma," Dougie aliita, "mheshimiwa ameshasoma hotuba yake mara mbili kimoyomoyo. Wanakungoja."

Thelma hakugeuka. Aliupapasa ukuta toka chini hadi juu, kona hadi kona, akatazama vidole vyake. Vilikuwa na vumbi jeupe la chokaa, kavu kabisa. Alivinusa.

"Mkavu," alisema.

"Ni mkavu tangu Oktoba!" Ivy alifoka kutoka juu. "Na Novemba ulikuja. Na Krismasi ulikuja, na mwanangu kaja toka Kanada ukampangusia ukuta mbele ya chai yake. Utakuja mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wetu afe, Bi Ivy."

"Basi kufa wewe kwanza, mimi nipumzike. Toka, gauni lote makaa."

Thelma alipanda ngazi. Ivy alimkung'uta magoti kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, akamweka sawa ukosi, na wote watatu wakaupanda mteremko pamoja, polepole kwa ajili ya miguu ya Ivy. Walipofika juu bendi iliwaona, ikaanza kupiga kabla ya amri. Mashua ya kwanza iligeuka kutoka mfereji, ikapita mlango wa mawe ikiwa na nafasi ya kiganja kila upande, ikaingia kwenye maji mapana. Mwenye mashua, mwanamume mwenye ndevu nyeupe, alipaza sauti:

"Mama mwenye bandari! Niegeshe wapi?"

Thelma Bloor alijaza kifua hewa, na sauti yake ilivuka malisho mawili.

"Popote upendapo, bwana. Kila pembe ni nzima!"